Wanatuuzia unene, wanatunyanganya mifupa

Ndugu vijana, wamama wa soko, wamotari, wanafunzi, nyote munaotufuata: leo hatuongee juu ya barabara wala juu ya umeme. Leo tunaongea juu ya kinini kidogo chenye kuuzwa mu miji yetu kama karanga, na juu ya mifupa yetu.

Tuanze na jambo lenye lilitokea ku mutaa wa mwenzetu mmoja, Kadutu, Bukavu. Mama mmoja wa miaka 38, mwenye watoto 4, aliamka asubuhi akaenda kuchota maji. Aliinama, akanyanyua bidoni ya lita 20, sawa vile alifanya kila siku tangu utoto. Mgongo ukalia. Hakuanguka. Hakugongwa na moto. Hakuna mutu aliyemusukuma. Alinyanyua maji tu. Majirani wakasema amerogwa. Akalala wiki 2 na mafuta ya kukanda, alafu familia ikakopa franga, wakamupeleka hospitali. Walipomupiga radio, munganga aliona pingili 2 za mgongo zimebonyea, kama za kizee wa miaka 80. Akamuuliza: "Mama, unameza dawa gani kila siku?"

Mama akajibu: "Mimi sikunywaka dawa. Ni vile vinini vya kunenepa tu."

Vinini 2 asubuhi, 2 mangaribi. Miaka 4. Hakuna siku hata moja aliombwa karatasi ya munganga. Hakuna siku hata moja mutu alimwambia neno "mifupa".

Ile dawa jina lake ni dexamethasone. Ku mutaa tunaiita dexa. Iko na ndugu yake, prednisolone. Zote mbili ni za ukoo moja, ukoo wa kortikoidi: dawa zenye kuiga homoni ambayo mwili wenyewe unatengeneza mu tezi ndogo 2 zilizo juu ya mafigo. Tunataja majina kwa makusudi. Kitu kisicho na jina hakishitakiwi.

Tuseme ukweli wote, kwa sababu sisi hatupiganishe uongo kwa uongo mwingine. Hizi si sumu. Mutu wa asma akikosa pumzi usiku, prednisolone inamwokoa. Mugonjwa wa ukoma ambaye mishipa yake inawaka moto, prednisolone inaweza kumukinga asipooze mikono. Mama mwenye mimba anayetaka kuzaa mbele ya wakati, sindano ya dexamethasone, hospitalini, inasaidia mapafu ya mutoto. Na mwezi wa 6 mwaka 2020, wanasayansi wa Uingereza walionyesha kwamba dexamethasone ilipunguza kwa karibu theluthi moja vifo vya wagonjwa wa Covid waliokuwa ku mashini ya kupumua. Ni dawa kubwa. Njo maana iko na bei kubwa, na ile bei hailipwe na franga. Inalipwa na mwili.

Munganga Philip Hench wa Marekani alimupa kortizoni mugonjwa wake wa kwanza wa viungo mwaka 1948. Yule mama alikuwa hawezi kutembea, na kisha siku chache alisimama. Dunia ikapiga makofi, na mwaka 1950 Hench na wenzake 2 wakapata tuzo ya Nobel. Lakini mbele yao, mwaka 1932, munganga mwingine, Harvey Cushing, alikuwa amekwisha kuandika juu ya watu ambao mwili wao unatoa homoni hii kupita kiasi: uso umevimba mviringo kama mwezi, tumbo kubwa, mikono na miguu myembamba, na mifupa ya mgongo imekuwa laini mpaka inavunjika. Soma tena ile orodha. Uso wa mviringo, tumbo, shingo nene. Kile ambacho mutaani tunaita "amenona", Cushing alikiita ugonjwa.

Kwa hiyo asikuje mutu kutuambia kwamba hii ni habari mupya, kwamba viongozi hawakujua. Dunia inajua tangu zaidi ya miaka 70.

Sasa, mifupa inaisha ginsi gani? Usifikiri mfupa ni jiwe. Mfupa unaishi. Kila siku kuna kikosi cha chembe kinachobomoa mfupa wa zamani, na kikosi kingine kinachojenga mupya. Ni kama barabara ya udongo yenye kutunzwa vizuri: hapa wanachimba, kule wanajaza. Dexa ikiingia kila siku, inafukuza kikosi cha kujenga. Wengine wanakufa, wengine hawazaliwe tena. Kikosi cha kubomoa, chenyewe, kinaendelea na kazi, tena mwanzoni kinaongeza mwendo. Wakati huohuo tumbo linakataa kuchukua kalisiamu ya chakula, mafigo yanaitupa mu mukojo, na misuli ya mapaja inalegea, kwa hiyo mutu anaanguka kwa urahisi. Sisi wa Kivu tunajua barabara ambayo inachimbwa na haijazwe inakuwaka ginsi gani. Mvua moja tu, gari linazama.

Na haingoje uzee. Mifupa inapotea mbio zaidi mu miezi 3 mpaka 6 ya kwanza. Inaanza na pingili za mgongo na mbavu, kwa sababu mule ndani mfupa ni kama sifongo. Hakuna maumivu ya kukuonya. Mutu anafupika kidogo, anainama kidogo, anasema "ni kazi". Wanasayansi wanahesabu kwamba kati ya watu 10 wenye kumeza hizi dawa muda mrefu, 3 mpaka 5 wanafika kuvunjika mfupa, na wengi hawajui hata kama wamevunjika. Kwa wengine, kichwa cha mfupa wa paja kinakosa damu, kinakufa, kinabomoka, na kijana wa miaka 30 anatembea na fimbo.

Tufanye hesabu pamoja, kwa sababu hesabu haina chama. Wataalamu wa magonjwa ya viungo wa Marekani wanaandika kwamba mutu mukubwa anayemeza prednisolone mg 2.5 au zaidi kila siku, kwa miezi 3 au zaidi, lazima munganga amuangalie juu ya mifupa yake. Kinini kimoja cha dexa cha mg 0.5 kina nguvu ya zaidi ya mg 3 za prednisolone. Kimoja tu kimekwisha kupita ule mupaka. Yule mama wetu alimeza 4 kwa siku: zaidi ya mg 13. Mara 5 ya kipimo ambacho wenzetu wanaanza kuogopa. Si miezi 3, ni miaka 4. Na hakuwa na ugonjwa hata mumoja.

Sasa ulizeni: kwa nini mwanamuke muzima anameza dawa ya wagonjwa?

Kwa sababu sisi sote tulimusukuma. Ukikonda hapa kwetu, watu hawasemi "ana afya". Wanasema bwana yake hamulishi. Wanasema ana ule ugonjwa. Wanasema biashara imekufa. Mu inchi yenye vita na watu kukimbia kila mwaka, wembamba umekuwa kama karatasi ya umasikini imebandikwa ku mwili wako. Basi mama anatafuta unene kama vile mwingine anatafuta nguo ya harusi, ili aheshimiwe. Na si Kivu peke yake. Mwaka 2016 watafiti wa Kinshasa waliandika juu ya cyproheptadine, dawa ya mzio ambayo watu wanaitumia kwa kuongeza hamu ya kula na kunenepa, na kuna wale wanaoichanganya na dexamethasone. Inchi nzima inajua. Inchi nzima inacheka.

Na wababa musijifiche. Kuna vijana wa kubeba mizigo, wamotari, wachimbaji, wenye kumeza hizihizi vinini juu ya maumivu ya mgongo. Unapewa mufuko mdogo wa plastiki usioandikwa kitu: "meza hii, kesho utabeba tena". Kweli, kesho unabeba tena. Dexa inazima moto wa maumivu. Lakini mutu wa kubeba mizigo anayemeza dawa ya kula pingili za mgongo, anabeba mzigo juu ya nguzo zenye kuliwa na muchwa. Hata zile dawa za "kienyeji" za viungo tusiziamini kwa macho: mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba bidhaa moja iliyouzwa kama ya asili kwa ajili ya viungo, Artri King, ilikuwa na dexamethasone ndani bila kuandikwa ku kopo. Kama kule wanadanganywa, sisi wenye hatuna hata mashini ya kupima tutajua ginsi gani?

Tunajua majibu yenye mutatupatia. Tuyasikilize.

Wa kwanza anasema: "Mwili ni wake, franga ni zake, muache achague." Sisi tunapenda uhuru, tumeulilia ku barabara. Lakini kuchagua ni kujua. Mutu ambaye hakuambiwa jina la dawa, hakuambiwa kazi yake, hakuambiwa bei yake ku mwili, yeye hakuchagua. Alichaguliwa.

Wa pili anasema: "Munataka kunyanganya wamama wadogo wa soko mukate wao." Hapana. Yule mwenye kuuza vinini ndani ya kitunga ni ndugu yetu, hana kazi, naye hajui anachouza. Pengine naye anameza. Hatuombi polisi wamupige na kumwaga kitunga chake mu matope. Tumechoka na inchi ambayo sheria inaanza na mutu mudogo na inaishia kwake. Kartoni za dexa hazikuanguka kutoka mbinguni kama mvua. Zimepita mupaka. Zimepita bariere. Zimelala mu depo kubwa yenye mulango wa chuma na mwenye depo anajulikana. Kodi ililipwa. Kama serikali inaona kartoni wakati wa kuchukua kodi, inakosa macho ginsi gani wakati wa kuuliza inaenda wapi?

Wa tatu anasema: "Sasa si wakati. Kuna vita." Ni kweli kuna vita. Lakini mifupa haina bendera. Hatuulizi leo ni nani anasimama ku bariere: yule anayechukua kodi ya dawa anabeba pia deni ya dawa. Na ni mu vita njo mama anahitaji mifupa migumu zaidi, kwa sababu siku ya kukimbia atabeba mutoto ku mgongo na mufuko ku kichwa.

Wa nne, huyu anatuuma zaidi, ni munganga. Anasema: "Sisi tunajua kazi yetu." Wengi munaijua, na tunawaheshimu, munafanya kazi bila mushahara. Lakini tuseme wazi. Kuna vituo ambako kila homa inapigwa sindano ya dexa ili mugonjwa asikie vizuri mbio na asifu kituo. Na kuna wagonjwa wa kweli, wa asma kali, wa viungo, wa ngozi, wenye kupewa prednisolone kwa miaka kwa sababu wanaihitaji, na hakuna siku walielezwa juu ya kalisiamu, juu ya vitamini D, juu ya kupunguza kipimo mpaka kidogo kinachotosha, juu ya dawa za kukinga mifupa kama alendronate, zenye kumezwa mara moja kwa wiki. Kumupa mutu dawa inayomwokoa pumzi na kunyamaza juu ya mifupa yake, ni kumwokoa nusu.

Katiba ya inchi yetu, kifungu cha 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Tarehe 13 mwezi wa 12 mwaka 2018, inchi ilipata sheria ya afya ya wanainchi. Tuko pia na mamlaka ya kusimamia dawa, ACOREP, yenye bureau, yenye muhuri, yenye wakubwa. Na mwaka 2001, kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kuweka asilimia 15 ya bajeti mu afya. Karatasi tunazo. Tunakosa mutu wa kusimama na karatasi mbele ya mulango wa depo.

Njo maana tunadai mambo haya:

Moja. ACOREP na ofisi za afya za provensi zianze na depo kubwa, si na vitunga. Kila depo ionyeshe imeingiza kartoni ngapi za dexamethasone na prednisolone, na imeuzia nani. Majibu yatangazwe mbele ya wanainchi.

Mbili. Hizi dawa zitolewe ku karatasi ya munganga tu, na sheria hiyo ifanye kazi kwa farmasi ya tajiri kama kwa farmasi ya masikini.

Tatu. Kila pakiti iwe na maneno mu Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba: "Ukimeza muda mrefu, mifupa inavunjika. Usiache gafula bila munganga." Hatuwezi kuonywa mu luga ambayo mama zetu hawasomi.

Nne. Kila munganga mwenye kuandika hizi dawa kwa miezi 3 au zaidi aeleze habari ya mifupa, aandike mu kitabu cha mugonjwa siku gani kipimo kitapunguzwa. Na hospitali za serikali zituambie: kati yenu ni nani iko na mashini ya kupima nguvu ya mifupa, na bei yake ni ngapi?

Tano. Mafuta ya kuchubua ngozi yaingie mu orodha hiyohiyo. Mengi yanabeba kortikoidi kali kama clobetasol, na mutu akijipaka mwili muzima kila siku kwa miaka, dawa inapita ngozi, inaingia mu damu. Mulango ni mwingine, nyumba wanayobomoa ni ileile.

Sasa tunageukia wewe unayesoma ku simu yako, ndani ya taxi, ao ku kitanda. Pengine wewe mwenyewe unameza. Pengine yaya yako, ao muchumba wako.

Sikiliza vizuri: USIACHE GAFULA. Hili njo neno la muhimu kupita yote mu tangazo hili. Mutu akimeza dexa muda mrefu, zile tezi za juu ya mafigo zinalala, zinasahau kazi. Ukiacha siku moja, mwili unabaki bila homoni: kizunguzungu, kutapika, nguvu kuisha, damu kushuka, na unaweza kufa. Tena ugonjwa ukikukamata mu ile hali, hatari inaongezeka. Enda kituo cha afya, sema ukweli bila haya: "nimemeza kinini hiki, vingapi, tangu lini". Wakupunguzie pole pole. Ukiwa na pakiti, beba pakiti.

Na habari njema iko. Ukiacha kwa njia ya sawa, kikosi cha kujenga kinaamka, na hatari ya kuvunjika inapungua, hata kama si kila kitu kinarudi. Tembea, chukua jua, kula sambaza na ndagala pamoja na mifupa yao, kula sombe na maharagi. Ziwa letu limejaa kalisiamu, na bado tunanunua ugonjwa ndani ya plastiki.

Ukipewa kinini chochote, uliza maswali 3: jina lake nani? Kinatibu nini? Nikimeze mpaka siku gani? Muuzaji akishindwa swali moja, rudisha kinini chake.

Na mambo ya mwisho, hii haihitaji serikali: tuache kucheka wembamba. Kijana anayeandika ku picha ya dada "umekonda, bwana hakulishe?" anasaidia depo kuuza. Yule mama wa Kadutu leo anavaa mukaba wa kushikilia mgongo, na anapunguziwa dawa kidogo kidogo. Binti yake wa miaka 14 njo anachota maji sasa. Uso wa mama umerudi mwembamba, na kuna watu wanapita mbele ya mulango wakisema: "Masikini, amekwisha."

Hapana. Sasa njo anaanza kupona. Ni sisi wenye tulikuwa tunamupongeza wakati alikuwa anakwisha.

Mwezi ujao tutaenda, kwa amani, mikono mitupu, mbele ya ofisi ya afya, kila mutu na pakiti tupu ya dexa aliyookota ku mutaa wake. Tutaziweka chini moja moja, ili wahesabu pamoja nasi. Anza kuokota leo.

Mapambano inaendelea.